Maxwell, Kaburi Lako Halitiwi Saruji

Mwaka umekatika, Maxwell wuoda, mwanangu, tangu Agosti ile ya 1996 barafu ya Mlima Kenya ikufunike, na mimi mama yako bado nimekukasirikia.

Ulizaliwa Rusinga, maji pande zote, ukawa mtoto pekee kisiwani anayetapika ndani ya mtumbwi. Tukasema haya, huyu ziwa halitamla. Kumbe ulikuwa unatafuta maji magumu zaidi!

Tunakumbuka mikono yako. Ukipata likizo huko Naro Moru, kwenye kazi yako ya kuongoza wageni mlimani, hukuja nyumbani kupumzika. Chai ilipoa mezani, wewe uko juu ya paa la mjane fulani unapigilia mabati, na malipo yako ni ugali na omena. Ukimaliza kula ulipangusa sahani kwa kidole. Mkeo Dolphine aliona haya. Mimi sikuona. Ni mimi niliyekufundisha.

Lakini kichwa chako! Wageni uliwapandisha kwa njia ya kawaida, mkarudi wazima. Halafu ukataka njia yako mwenyewe, ule ukuta wa barafu wa kwenda kilele cha Batian, ambao hata wenye vifaa vya maana huutazama tu wakarudi kambini. Nilikuuliza, "Huko juu kuna nini?" Ukacheka. "Hakuna kitu, mama. Ndiyo maana ni pazuri." Sasa hilo ni jibu la kumpa mtu mzima?

Mwenzako Motari alikuja kutueleza mwenyewe. Mlikuwa mmekaribia juu, barafu ikameguka chini ya miguu yako, kamba ikakatika, ukatumbukia ndani ya ufa. Walikutafuta siku sita.

Basi tukakuzika bila wewe. Nilisema tuzike yago, lile tunda refu tunalowazikia waliomezwa na ziwa wasionekane. Wazee wakabisha, eti yago ni ya watu wa maji. Nikawauliza kama barafu ni unga. Wakaenda kulichuma. Tukalivika tunda koti lako la kanisani, nami nikalililia mbele ya watu wote. Maxwell, umenifanya nililie tunda! Tena koti lililikaa vizuri kuliko lilivyokukaa wewe.

Mwezi wa sita Motari alirudi na shoka lako la barafu. Wenzake walikuwa wameliokota huko chini ya ukuta, theluji ilipoyeyuka. Akaniambia, "Mama, barafu hutembea. Pole pole, lakini hutembea. Siku moja itamtoa kule chini."

"Lini?"

"Labda miaka thelathini."

Thelathini! Mimi nina sabini na moja. Hata kuzaliwa ulichelewa wiki mbili, nikapalilia mtama na tumbo mbele kama ngoma.

Juzi kaka yako Javan akaleta saruji ajengee kaburi kwa ajili ya siku ya leo. "Mama, watu watasema tumemtupa," akaniambia. Nikaketi juu ya kaburi, nikamwambia apige plasta na mimi ndani. Saruji imejenga choo. Ni choo kizuri sana.

Udongo wako utabaki laini. Wanao Beverly na Valentine nimewaonyesha pa kuchimba. Siku utakayoshuka, niwepo au niwe nimeshalala upande wangu wa boma, watatoa lile tunda wakulaze mahali pako. Koti utalikuta hapo.

Wanaokukumbuka ni mimi mama yako Phelesia; mkeo Dolphine, ambaye shoka lako amelitundika juu ya kitanda; wanao Beverly na Valentine; kaka yako Javan, ambaye bado amenuna; na Motari, ambaye sasa ni mtoto wa nyumba hii.

Siku zote tutakukumbuka. Ila safari hii, mwanangu, usichelewe.