Utepe wa Maana Sabini na Nne

4 Februari

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake, umwambie mguu wake nauulizia kila siku ijapokuwa hauna tabia ya kujibu. Mimi ni mzima, ila nyayo zinawaka moto nikitoka zamu.

Kazi ya kutunza wazee nimeipenda, Baba. Naosha, navisha, nalisha, nasikiliza habari za mjukuu yuleyule mara nne kwa siku. Shida ni Kiingereza, na ndani ya Kiingereza shida ni neno moja la herufi tatu: "run". Shuleni tuliambiwa ni kukimbia, basi, tukafunga daftari. Kumbe huku linafanya kazi zote kama kibarua asiyechagua! Kufungulia maji ya kuoga, run. Pua kutoka kamasi, run. Sabuni kuisha, run. Shati kuchuja rangi kwenye ndoo, run. Hata msimamizi wetu anayeendesha nyumba hii, naye ana-run, na mama wa watu sijawahi kumwona akitembea haraka.

Jumatatu nilifanya mtihani wa lugha nikaanguka. Neno hilo lilikuwa na maswali manane, nikapata moja. Nimepewa nafasi nyingine tarehe 20 Juni. Nikianguka tena mkataba unakatwa, narudi nyumbani. Sitaki kurudi hivyo, Baba.

Kamusi yangu ya mfukoni imelipatia neno hilo mistari miwili tu. Maktaba inafungwa kabla sijatoka kazini. Jirani yetu Mwalimu Chaki ana ile kamusi kubwa kama tofali. Naomba uiazime, uninakilie maana zote, hata kama ni ukurasa mzima.

Mwanao,
Kifungo

2 Machi

Kwako binti yangu Kifungo,

Marahaba, mwanangu. Sisi hatujambo. Mguu wa mama yako unasema nao umekukumbuka.

Ukurasa mzima, unasema? Neno lako nimelipima. Lina mita moja na sentimita thelathini na mbili. Hicho ndicho kilikuwa kimo chako ulipoingia darasa la nne, nakumbuka kwa sababu ya sare. Ama kweli Wazungu wana maneno!

Nilianza kunakili kama ulivyosema. Wewe unanijua, Kiingereza mimi sikioni wala sikisikii. Nikanakili mistari mitano, mama yako akalinganisha, akakuta nimekosea herufi saba. Nikaogopa. Nikikosea huku, utakosea wewe kule, na kosa langu likurudishe nyumbani? Hapana. Nikafanya ninachokijua: nikachukua mkasi.

Nimekata safu sita, taratibu, bila kugusa herufi hata moja. Nimeziunga moja chini ya nyingine kwa mshono mwembamba, ikawa utepe kama huu wangu wa kupimia, uuvae shingoni usome ukiwa kazini. Nyuma nako kulikuwa na maandishi, lakini karatasi ni kama kitambaa, ina uso na ina mgongo. Mgongo nimeuvika bitana ya bluu, ile iliyobaki kwenye koti la mjomba wako, ili usichanike.

Mwalimu bado sijamwambia. Nitamwambia. Mimi na yeye ni watu wa siku nyingi.

Ni mimi baba yako,
Fundi

25 Aprili

Kwako Kifungo,

U hali gani, mwanangu? Sisi wazima wa mwili.

Utepe ulifika? Sijapata hata mstari mmoja kutoka kwako, nami nimeanza kuwaza.

Mwalimu alifungua kamusi yake akakuta karatasi mbili zimebaki fremu tupu. Hakunigombeza. Heri angenigombeza! Aliniangalia tu, akakibeba kitabu chake akaenda. Benchi la mlangoni kwangu, alilokuwa akikaa kila mchana kunichambulia magazeti, siku hizi linakaliwa na pasi. Mama yako anasema, "Ulikata kitabu cha watu, ulitaka akupigie makofi?"

Sasa nawe umenyamaza. Kama nimeharibu na huko, niambie.

Baba yako

11 Mei

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo sana, na unisamehe. Mimi mzima. Utepe ulifika tangu Machi. Nimenyamaza kwa sababu nilifanya jambo ulilonikataza toka utotoni.

Unakumbuka sheria ya kiduka chako: mshono wa fundi haufumuliwi mpaka fundi mwenyewe aambiwe. Baba, nimeufumua wako.

Usishtuke. Karatasi haina mgongo, Baba. Ina nyuso mbili. Nilisoma maana ya kumi na tisa, nikatelezea ya thelathini na nane. Neno lina maana sabini na nne, na nusu nzima ilikuwa imelala chini ya bitana ya Mjomba! Wiki tatu nilijifanya nusu inatosha, kwa kuwa sikuweza kukuandikia kwamba umekosea baada ya kazi ile yote. Kila nikishika wembe mkono unakataa. Halafu nikafanya jaribio la mtihani na mwenzangu wa zamu, nikakosa yote yaliyojificha. Siku hiyohiyo nikafumua upande mmoja tu. Upande wa pili, mshono wako upo palepale. Pale nilipofumua nimetia vifungo kumi na vinne vidogo, navifungua nasoma, navifunga nafanya kazi. Mzee mmoja hapa akinivizia anasema leo hujafunga zipu ya kitabu chako.

Na sikia nilichokuta. Huko nyuma, pembeni mwa maana, kuna maandishi ya penseli ya Mwalimu, ya zamani hadi yamefifia. Ameandika "bado". Chini tena, "bado". Nimehesabu mara kumi na moja! Mwalimu Chaki yuleyule, aliyetutisha na Kiingereza chake darasa zima tukakaa kimya, neno hili lilimtoa jasho! Kumi amezikata kwa mstari, inaonekana alizielewa baadaye. Moja mpaka leo haijakatwa.

Baba, nilikaa kitandani nikacheka peke yangu. Tangu siku ile sijioni mjinga tena. Nami naandika bado zangu, na nazikata.

Asante kwa mkasi wako. Ungeninakilia kwa mkono, penseli ile nisingeiona.

Mwanao,
Kifungo

3 Julai

Kwa Baba na Mama,

Shikamooni! Nimefaulu!

Mama, piga vigelegele sasa, halafu mrudishie Baba barua aendelee kusoma.

Safari hii neno letu lilikuwa na maswali tisa, nikapata yote tisa. Nilipofika swali la shati kuchuja rangi, niliona ndoo yetu ya uani kabisa. Mkataba wangu umetiwa sahihi, nabaki.

Msimamizi alipokuja kunipa mkono aliuliza huu utepe ninaouvaa ni nini. Nikamvulia. Akauweka kwenye meza ya kukunjia mashuka, akawasha taa, akapitisha kidole upande wako, akapitisha upande wangu wa vifungo. Akauliza nani kashona wapi. Nikamwambia huku baba yangu, huku mimi. Basi akasema sentensi moja fupi, na ndani yake mlikuwa na neno lilelile, kwa ile maana ambayo Mwalimu hakuikata. Wanalitumia kwa jambo lililo la ukoo, ambalo mtoto analichukua kwa mzazi bila hata kuambiwa alichukue.

Basi, Baba. Niliingia stoo ya mashuka nikalia, kwa furaha na kwa kuwakumbuka.

Utepe naurudisha pamoja na barua hii. Umpelekee Mwalimu, umwombe radhi kwa ajili yangu, maana mimi ndiye niliyekutuma. Na umwambie ile bado ya mwisho aikate, nimemwelewea mimi.

Mwanao mwenye shukrani,
Kifungo

26 Julai

Kwako mwanangu Kifungo,

Marahaba, na hongera, na hongera tena. Mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Utepe nilimpelekea Mwalimu mwenyewe, na barua zako nikamsomea mlangoni kwake nimesimama. Nilipofika kwenye bado kumi na moja alivua miwani akacheka hadi akakohoa. Anasema alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu mpya anayeogopa wakaguzi wa shule. Kilichomuuma si karatasi, ni kwamba sikumwambia. "Ungeniomba," anasema, "mkasi ningekushikia mimi."

Benchi limepata mwenyewe, pasi imehamishwa. Tumeurudisha utepe ndani ya kamusi, umekunjwa, na vifungo vyako vyote. Kitabu hakifungi vizuri sasa, yeye anasema kiache hivyohivyo.

Halafu akafungua vifungo, akatafuta ile bado ya mwisho, akanipa penseli mimi. Nikamwambia, Mwalimu, mimi hata kusoma sijui kilichoandikwa hapo. Akasema hiyo maana ni yako, Fundi, kata.

Nikakata, mwanangu. Mstari ulinyooka.

Baba yako