Mlango Ulioonekana Kwenye Skrini

Jumatano, 7 Februari 2007, Kitale

Tulimzika mume wangu Wabwile Jumamosi, kwao Bungoma. Kunyolewa nywele za matanga kumeahirishwa, shemeji wa Lwakhakha hajafika. Nimerudi nyumbani Tuwan kuangalia ng'ombe. Gamboti zake bado ziko mlangoni, moja imelala ubavu.

Leo nimefanya jambo. Nilipita chumba cha kamera pale sokoni. Kizito, mtoto wa ndugu ya Wabwile, ndiye hukaa kwa skrini. Nikamwuliza kama baba yake mdogo yumo kwenye kanda. Hata mgongo tu, akipita steji ya matatu na baiskeli ya maziwa. Kizito akachungulia nje kwanza. Akasema kanda za Januari zitafutwa karibuni zirekodiwe upya, kama ni kuona ni sasa. "Lakini wewe ndiyo kamati, mama. Usiniuze."

Ni kweli. Mimi ni mwakilishi wa wauzaji katika kamati ya kamera. Sheria tuliipitisha wenyewe, na mkono niliinua: kanda haifunguliwi bila ripoti ya polisi.

Nilimwona! Anamimina maziwa kwa jagi la mteja wake Hibo, anafuta mdomo wa mtungi na ncha ya shati. Nimemgombeza mara ngapi juu ya shati! Hibo akasema kitu, Wabwile akacheka mpaka kofia ikaanguka. Hakuna sauti. Nikaomba irudiwe. Kizito akairudisha.

Jumamosi, 10 Februari, Bungoma

Nimenyolewa. Kichwa kinasikia baridi.

Hapa kwao, kabla wembe haujaguswa, mjane husimama mbele ya watu aeleze siku za mwisho za mumewe. Nikaeleza. Maziwa ya Hibo pale mlango wa msikiti, shati, kofia. Watu walicheka, mama mkwe akalia na kucheka pamoja.

Ndipo wifi yangu Nakhungu akadakia: "Ati kofia ilianguka? Si wewe hushinda sokoni na nyanya zako? Ulimwonea wapi, bana?"

Nikasema nilisimuliwa. Wembe ukaanza. Na kichwa kikiwa kimeinama hivyo, jambo likanijia — mlango wa msikiti! Kamera ni ya steji. Kamati iliambiwa inaangalia steji tu, kwa ajili ya wezi wa mifuko. Lakini mlango ulijaa skrini nzima. Nyuso, viatu, hata mlango mdogo wa wanawake. Mimi nilikuwa natafuta mtu mmoja, sikuona kingine.

Jumatatu, 12 Februari, Kitale

Hibo amekuja na anjera za pole, ile mikate yao laini. Hakukaa. Mumewe Abdishakur alichukuliwa Ijumaa baada ya swala, mpaka leo hajarudi. Yeye ndiye hupokea wageni wa msikiti, huwatafutia godoro na chai. Kabla ya kumchukua, wanaume wawili wa suti walimwonyesha picha zake akiwa pale mlangoni na wageni mbalimbali. Wanataka majina. Yeye wengine hata hajui majina yao, ni wasafiri tu.

"Mama Nasike, wewe uko kwa hiyo kamati. Kamera yenu inaangalia wapi?"

Nikasema, steji.

Kisha nikaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Jumanne, 13 Februari

Nimekwenda kwa Kizito. Anasema aliikuta kamera imegeuzwa tangu Desemba, akaambiwa asiguse. Fundi anakuja Ijumaa kuirudisha ielekee steji. Basi mkutano wa kamati wa Alhamisi ukipita, hakutakuwa na cha kuonyesha.

Nikamwambia lazima niseme.

"Sema, mama. Halafu uje unilishie watoto."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Jumatano, 14 Februari

Nimemwambia Hibo yote. Nilidhani atanitukana.

"Kwa hivyo ulimwona akicheka na mimi."

Nilimwona.

"Mimi nilikuwa nimeshusha shungi mabegani siku hiyo, jua lilikuwa kali. Ilikuwa Wabwile tu, ni kama ndugu yangu." Akavuta shungi mpaka kwenye paji la uso, humo humo jikoni kwangu. "Sasa wanaume wangapi wameniangalia?"

Alipofika mlangoni akageuka. "Kesho utasema ama hutasema? Nijue tu."

Nikasema nitasema. Hakuniaga.

Alhamisi, 15 Februari

Naandika hapa hapa ukumbini, wengine wanakunywa chai.

Diwani Gikonyo, mwenyekiti wetu, alisoma taarifa: kamera inaangalia steji, hakuna malalamiko, tuendelee. Nikainua mkono. Nikaomba sote twende kwa skrini, sasa hivi, tuone inaangalia nini.

"Pole tena na msiba, mama," akasema. "Si ungepumzika kidogo? Ama umeota?" Watu wakacheka. Nikasema inaangalia mlango wa msikiti, na kuna mtu yuko ndani kwa sababu hiyo. Kicheko kikakatika.

Akaniuliza polepole sana: "Umejuaje? Kanda haifunguliwi bila ripoti. Hiyo sheria si tuliipitisha na wewe?"

Mzee Thuo wa wauza mbao akaokoa mambo, ati chai inapoa.

Kizito yuko karibu na mlango. Kikombe chake kimejaa. Dirishani namwona Hibo getini, amesimama juani. Fundi ni kesho. Nikinyamaza, kesho nitakuwa mwongo mara mbili. Nikisema, hakuna njia ya kusema nusu.

Wanarudi vitini. Diwani anagonga meza na kalamu.

"Mama Nasike, tulikuwa tunangoja jibu lako."

Nimesimama tayari, daftari nimeliweka juu ya mgongo wa kiti. Labda wanadhani naandika hoja. Nitasema niliomba mimi, niliangalia mimi. Wakiuliza nani alinifungulia —

Kizito naye amesimama, mkono juu.