Mulango Yako Banakulia Bukari

Yaya Placide, mukubwa yangu,

Minye huyu, Zozo wa mikate. Asubui niligonga ku fenetre, dirisha yako, vile tulizoea, nikangoja useme: "Acha apo, uende." Njo nikakumbuka ulishakufa. Unisamehe, mazoea.

Tangu ulijifunga mu nyumba, katier yetu yote ya Kikula ilikupatia kazi mingi kupita ile ulifanya ku usine, ku mashini: mulozi, mwenye nyoka ya kutapika makuta ya kumutajirisha, wazimu. Minye nilijua muntu wa kukula mukate na kunyamaza. Siku moya nilikuuliza juu ya nini hautoke. Ulisema: "Zozo, nilizeeka mu makelele ya mashini. Niache nisikie masikio yangu." Nilicheka mpaka mikate ikamwangika.

Halafu mutoto wa Mama Feza, jirani yako, akashikwa na malaria. Bakasema njo weye ulimuloga. Pastere wa ku kona akaleta bantu yake, eti banakuya kukuombea. Balivunja mulango, bakakukokota, bakakusimamisha mu jua. Ukashika kifua, ukaanguka. Bakapiga makofi, bakaimba: "Shetani anatoka! Shetani anatoka!" Kumbe njo weye ulikuwa unatoka. Nilifika mbio na kitunga yangu ya mikate, ulishaisha, na beko bangali banaimba.

Ku kilio yako bantu balijaa, yaya. Weye mwenye haukupenda wageni! Balilala mu parcelle, uwanja yako yote. Mama Feza alilia kupita bote: "Placide, unatuachia nani?" Na ile mulango, balilalisha juu ya matofali, bakafanya meza, bakakulia apo juu bukari, ugali ya moto, na samaki. Pastere akaniita: "Zozo, leta mukate!" Nikamujibu: "Mukate iko, pastere, lakini meza iko na mwenyewe." Bote bakacheka. Na minye nilicheka. Muchekeshaji wa katier atafanya nini?

Kilio ikaisha. Nikanawisha mulango, mafuta ya samaki ikakatala kutoka. Nikairudisha pa fasi yake, nikaingia, nikafunga, nikakaa ku kitanda yako kukuandikia. Ulisema kweli, yaya. Masikio inasikilika.

Sasa beko inje. "Zozo, toka! Unafanya nini mule peke yako?" Mama Feza anasema: "Aa, na huyu anaanza."

Lala muzuri, yaya yangu. Ninakuahidi, hii mulango haitafanya tena meza ya muntu. Nitaishikilia na mugongo.

Acha nisimame. Banaanza kuimba.

Zozo