Maji Yapite Shambani Kwako

Rujewa, Mbeya
21 Januari 1977

Mpendwa mwanangu Faustin,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo? Mkwe wangu Severina hajambo? Na mjukuu wangu Kalista, kile kifua kimepona? Baridi ya Iringa naijua, mfunikeni vizuri. Sisi huku wazima, ni magoti tu yananisumbua. Usishangae mwandiko, naandika mwenyewe. Masomo ya watu wazima yamenisaidia, na jambo lenyewe sikutaka mtu mwingine aliandike.

Mirathi ya baba yenu imekwisha. Baba yenu mdogo Mika, msimamizi, amerudi kutoka mahakamani na karatasi zenye mhuri. Nyumba imebaki kwangu. Majaruba ya juu ya mpunga ni yako, ya chini ni ya mdogo wako Malimi. Nilidhani siku hiyo nitafurahi. Mwanangu, sikufurahi.

Kosa ni letu sote tuliokuwepo siku ya kupima. Tulivuta kamba, tukaweka mawe, tukaona pande zote sawa, tukaridhika. Maji hakuna aliyeyataja. Nani angeyataja? Tangu tuhamie huku kutoka Shinyanga, maji yanatoka mferejini, yanajaza majaruba ya juu, ndipo yanashuka chini. Lilikuwa shamba moja la mtu mmoja. Hakimu naye aliandika alichoambiwa.

Halafu yale maneno yenu. Malimi alikutania vibaya, "Kaka, wewe wa ofisini utalima kwa kalamu?" Nawe ukamjibu, "Basi unyayo wako usikanyage kwangu mpaka nirudi." Watu walicheka. Mimi sikucheka. Angekuwepo baba yenu angewanyamazisha wote wawili.

Sasa majaruba yako yamekauka na tuta la juu, maji yanapoingilia kutoka mferejini, limefungwa. Miche ya Malimi inageuka njano kitaluni, na majirani wameshapandikiza. Nimemwambia afungue tu, wewe ni ndugu yake. Anasema, "Mama, kaka alikataza." Kila asubuhi anabeba jembe, anasimama mpakani, anarudi na jembe kavu. Malimi yule yule mtundu, Faustin! Hajavunja hata bonge moja la udongo wako.

Mali ni yako, sikunyang'anyi. Naomba njia ya maji tu. Ukija likizo tutakwenda kwa Mika, njia hiyo iandikwe vizuri. Kwa sasa, Saulo anayekuletea barua hii kwa lori lake atarudi huku Jumatano kuchukua mchele. Mpe neno moja, "Fungua." Nitafungua mimi kwa mikono yangu, asiwepo kati yenu wa kuona ameshindwa.

Nisalimie Severina na Kalista. Shangazi yenu Ng'washi anawasalimu. Malimi naye anakusalimu, ingawa hajaniambia niandike.

Mungu awafunike, na chakula kisipungue mezani kwenu. Jumatano nitamngoja Saulo pale kwenye mashine ya kukoboa, na jembe begani.

Ni mimi mama yako, nikupendaye siku zote,
Regina