Tundu la Sita

Ami,

Ule mguno wako haujanitoka masikioni. Mguno mfupi wa kooni, uliokuwa ukiutoa kila wimbo wa bluzi ulipokaribia kumalizika. Na hapo hapo ndipo ulipokuwa ukinipokonya kinanda cha mdomo. "Hapo niachie mimi. Pumzi zako bado za mtoto wa chuoni."

Miaka minne ulinifundisha hivyo. Kati ya kodi tatu, yale makundi ya sauti yanayoubeba wimbo, yanayoitwa kwa nafasi zao katika ngazi ya sauti, ya kwanza ilikuwa yangu, ya nne yangu, ya tano yako. Nikaamini unanificha, kama mafundi wanavyofichana ufundi.

Mkeo, Bi Salma, alipotoka eda alinipa kinanda chako. Nikakaa na karatasi, nikapiga hesabu. Tukipiga kwa G, kodi ya tano ni D, na sauti inayoikamilisha ni F iliyopandishwa nusu. Iko tundu la sita: ubonyeze kitufe, uvute pumzi. Nikabonyeza, nikavuta. Hewa tupu.

Nikakifungua. Ule ulimi mdogo wa shaba unaoitoa sauti hiyo umekatika, na pale ulipokatikia pameota kutu ya kijani. Umekatika zamani, Ami. Basi ule mguno ndio uliokuwa sauti yenyewe. Ukiitia kwa koo.

Mkeo anasema, "Ami yako akiona haya, mwanangu. Mwalimu, na kinanda kibovu?" Namwamini, simwamini. Haya gani ya miaka minne? Au ulitaka nisiweze kumaliza wimbo bila wewe? Sasa nachunguza hata mazuri yako. Ile siku tulipopiga Chukwani ulinisifu mbele ya watu, kisha ukamalizia wewe. Nalia, nikinyamaza nachunguza tena.

Pumzika, Ami. Nakuahidi nitakuombea, hata siku ninazokushuku.

Ila hili nimeshalifanya. Fundi ametia ulimi mpya. Ule wa zamani ninao. Jana Zuhura, mwenzangu wa kazini, alikuja kwa somo la kwanza. Kabla hajapuliza, nilimwekea kiganjani ule ulimi uliokatika, nikamweleza yote, na mguno wako pia. Alipofika kodi ya tano alikosea. Akakosea tena. Mikono yangu niliikalia, Ami. Sikumpokonya.