Jani la Isale Lililorudishwa kwa Sababu ya Paka

Ilford, London. Tarehe 26 Desemba, saa kumi jioni.

Hamjambo, wapendwa wangu mnaosoma hapa? Afya zenu vipi, na sikukuu imewapitaje? Wenye vifua na wenye magoti nawakumbuka wote katika sala. Mimi mwili mzima, mgongo ni ule ule wa siku zote. Moyo ndio sijui niseme nini.

Saa kumi tu, na nje giza limeshaingia. Manyunyu yameanza asubuhi, hayakatiki wala hayazidi. Nimekaa ndani ya kampavani yetu mbele ya nyumba ya mwanangu Eli, nimewasha hita, naandika kwenye simu. Mume wangu, Baba Eli, amejilaza kitandani huko nyuma, uso kaelekeza ukutani. Halali. Mtu anayelala namjua, nimeuguza wazee wa watu miaka kumi na minane.

Kwa wasioijua kampavani, ni gari lenye kitanda, jiko la gesi na sinki ndogo, wastaafu wa huku huzunguka nalo nchi. Baba Eli aliendesha basi hapa London miaka ishirini na miwili, tulipokuwa tunakaa Edmonton. Alipostaafu tukahamia Sheffield, na mimi mgongo ukanistaafisha mapema. Basi akanunua hili gari kuukuu. Alisema anataka, angalau mara moja kabla hajafa, kuendesha kitu ambacho yeye mwenyewe ndiye anaamua kinaenda wapi.

Akaamua kiende kwa Eli.

Sisi ni watu wa Marangu. Mnajua Wachaga na Desemba. Watoto ndio hurudi kwa wazee, hata aliyepotea mwaka mzima Krismasi anaonekana. Sasa sisi tumegeuka, wazee ndio tumefunga safari kuwafuata watoto. Njia ya saa nne tumeitumia saa sita, maana Baba Eli bado anaendesha kama ana abiria wamesimama. Kila tulipopita kituo cha basi, mguu wake ulienda kwenye breki. Nikamwambia, "Baba Eli, hakuna anayeshuka." Akacheka. Mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo, sikumbuki.

Njia nzima nilipakata chungu cha maua, nimekifunga kitenge kisipigwe na baridi. Ndani ya chungu hicho kuna isale.

Nieleze kwa wasio wa kwetu. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani. Kwetu tunaupanda kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na pale tunapowalaza watu wetu. Lakini kazi yake kubwa ni msamaha. Ukiwa umemkosea mtu hadi maneno yamekuishia, unachuma jani, unalifunga fundo, unampelekea kwa mikono miwili. Husemi kitu. Akilipokea, yameisha. Na isale halirudishwi. Nimekua nikiambiwa kwamba anayelirudisha amefunga mlango, hata Mungu anamwangalia kwa mshangao.

Huku wanauza mmea huo kama pambo la sebuleni! Baba Eli aliuona kwenye duka la maua, akasimama kama aliyekutana na jirani wa nyumbani. "Mama Eli, njoo uone, wamelitia kwenye chungu." Akalinunua. Nilipomuuliza la nini, akasema ni maua tu. Nilijua ni la nani.

Sasa nifike mahali ninapopakimbia.

Miaka sita iliyopita Eli na mkewe Michelle walipata mtoto wa kwanza, wa kiume. Hakulia. Alizaliwa ameshakwenda. Eli akapiga simu, sauti imemkauka, akasema mazishi ni Alhamisi, kutakuwa na jeneza dogo na mchungaji, tafadhali mje. Baba Eli akamjibu kama alivyofundishwa na baba yake, kwamba kwetu mtoto ambaye hakulia hazikwi kwa kuita watu, anazikwa kimya na wanawake wa nyumbani. Kisha akaongeza, "Nyie bado vijana, Mungu atawapa mwingine." Alifikiri anampa pole. Alhamisi ile akaenda kuendesha basi.

Na mimi? Mimi nilimwambia Eli kwamba meneja wa nyumba ya wazee amenikatalia ruhusa.

Hakunikatalia. Sikuomba.

Miaka sita namwachia mume wangu abebe kosa hilo peke yake, mimi nikiwa mama mwema ambaye kazi ilimbana. Leo ndiyo mara ya kwanza naliandika. Mungu alikuwa analijua, lakini ninyi hamkulijua.

Baba na mwana hawakugombana, hapana. Ingekuwa heri wangegombana. Eli akawa kwa baba yake mtu wa "salama, salama, ngoja nikupe Mama." Akazaliwa Naomi, sasa ana miaka minne, na babu yake alikuwa amemwona mara tatu tu. Mwaliko wa Krismasi hii aliuleta Michelle. Alipiga simu akasema Naomi anauliza babu yake anakaa wapi.

Tulifika juzi. Nyumba yao ni ya vyumba viwili, kwa hiyo sisi tunalala garini, hapo hapo barabarani. Jirani yao ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, Kiswahili anacho. Alitoka na kofia ya sufu, akalizunguka gari mara mbili.

"Mama, hii ni ya kuuza chips ama aiskrimu?"

"Shikamoo, mzee. Tumekuja kwa wajukuu."

"Marahaba. Na mnalala ndani? Na hii baridi? Basi mzee wako ni mgumu kama mguu wa meza." Akaingia kwake, akarudi na blanketi. Baba Eli akamwambia chips zikiwa tayari atamwita.

Mnaona, siku ya kwanza tulikuwa na raha.

Jana, Krismasi, tumetoka kanisani, Naomi akamshika babu yake kidole na kumpeleka kwenye mti. Akawa anamwonyesha pambo moja moja. Hili la shule, hili la bibi wa upande wa mama. Akafika kwenye nyota ndogo ya mbao yenye maandishi. Akamwambia kwa Kiingereza chake kwamba huyu ni kaka yake, yuko kwa Yesu, na ana jina kama la babu.

Nyota imeandikwa Aminieli.

Baba Eli ndiye Aminieli. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume wa mwanao hubeba jina la babu. Tulimwambia Eli akiwa mdogo, tukidhani limeingilia huku likatokea kule. Kumbe alilishika. Alimwita yule mtoto kwa jina la baba yake, na baba yake hakwenda kumzika. Wala sisi hatukuwahi kuuliza mtoto aliitwa nani. Miaka sita, hatukuuliza jina.

Baba Eli akatoka nje bila koti. Dirishani niliona taa ya gari imewaka. Akarudi na jani la isale amelifunga fundo, limelowa mvua. Eli alikuwa jikoni anakata bata mzinga. Baba Eli akasimama mbele yake, akamnyooshea jani kwa mikono miwili, na akainamisha kichwa. Huyu mtu hajawahi kumwinamia yeyote isipokuwa altare.

Eli akafuta mikono kwenye aproni, akalipokea. Akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi asiyojua inavaliwa wapi. Akasema kwa Kiingereza, asante Baba, ni zuri. Kisha akaniangalia mimi.

Aliniangalia ili nimwambie. Nilikuwa na nafasi hiyo. Nikakoroga wali.

Nilijiambia kwamba isale halielezwi, ndivyo desturi ilivyo. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Kulieleza lile jani ningelazimika kulitaja lile jeneza dogo, na nikishalitaja ningeulizwa habari za ruhusa ya kazini.

Michelle akalitia jani kwenye glasi ya maji, akaliweka dirishani katikati ya kadi za sikukuu. Lilipendeza. Baba Eli aliliona pale juu, na jamani, mzee alikula! Aliimba, alimpigia Naomi makofi acheze. Tulipoingia garini kulala aliniambia, "Amelipokea, Mama Eli. Umeona alipoliweka? Mahali pa juu." Akalala kama mtoto mchanga.

Leo mchana Eli amegonga mlango wa gari. Mkono mmoja kikombe cha chai ya baba yake, mkono mwingine lile jani.

Akasema samahani Baba, Michelle amesoma kwamba mmea huu ni sumu kwa paka, na Biskuti, paka wao, ameshaanza kulitafuna ncha. Wameona bora wamrudishie mwenyewe, lisije likatupwa. Alisema kwa upole kabisa. Hata ile ncha iliyoliwa alikuwa ameikata vizuri kwa mkasi.

Baba Eli akalipokea kwa mikono miwili. Akasema asante mwanangu. Chai hakuigusa.

Mlango ulipofungwa akaniambia, "Basi. Nimejibiwa."

"Ni paka, Baba Eli. Mtoto hajui."

"Hajui? Mtu mzima ananirudishia isale mkononi, we unaniambia paka?"

"Tulimfundisha lini?"

"Jina alijua."

Akasema kesho saa tatu asubuhi tunaondoka, na nisimwambie Eli neno lolote, kwa sababu yeye hataomba mara mbili. Na mwakani, kasema, tutakula Krismasi yetu Sheffield, mimi na yeye. Kisha akajilaza. Lile jani ameliweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa, na kitabu akakisukuma chini ya kiti.

Tangu saa saba amelala hivyo, anatazama ukuta wa bati.

Nimesali. Nimelia kidogo, kimya kimya, kwa sababu gari ni dogo. Nawaza kwamba mwanangu alituita kwenye jambo la kwao tukaona halina maana, na sasa baba yake amemletea jambo la kwetu, naye amelirudisha kwa adabu pamoja na chai. Nani nimlaumu? Paka?

Miaka ishirini tulikuwa naye nyumba moja pale Edmonton. Nilimfundisha kusali, kuosha vyombo, kusalimia wakubwa. Ya msamaha sikumfundisha, maana nilidhani atayakuta kwetu mwenyewe. Na kwetu tulimpeleka mara mbili tu, wiki tatu tatu.

Nimeamua. Mume wangu nimemtii mambo mengi, hili sitamtii. Kesho asubuhi kabla hajawasha gari nitalitoa lile jani kwenye kitabu, niingie ndani, nimwambie Eli maana yake. Na kabla ya hapo nimwambie la kazini, kwamba hakuna aliyenikatalia. Lile jani ni langu pia. Kisha nimwombe atupeleke alipolala Aminieli mdogo, na chungu chetu tukibebe. Najua mmea ule hautavumilia baridi ya huku. Hata ukikaa siku moja tu pale, utakuwa umefika.

Huenda Eli atakasirika zaidi. Huenda Baba Eli atanikasirikia njia nzima mpaka Sheffield. Sawa.

Kinachonitesa sasa ni kitu kidogo. Eli Kiswahili anasikia, lakini cha nyumbani, cha njoo ule na funga mlango. Jambo zito kama hili sharti nimwambie kwa Kiingereza, na Michelle awepo, maana mtoto alikuwa wa kwake kwanza. Na Kiingereza changu mimi ni cha kazini. Najua kusema geuka ubavu, meza dawa, unaumwa wapi mpenzi. Nimejaribu humu garini kwa kunong'ona mara nne. Kila mara linatoka ni jani tu. Jani la maua.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ikiwa umesoma zaidi yangu na Kiingereza unakiweza, niandikie hapo chini. Isale nimwambie mtoto wangu ni nini? Maneno machache, ya kawaida, ambayo mama anaweza kuyasema amesimama mlangoni bila kuyasahau.

Tunaondoka saa tatu asubuhi. Nakuomba unijibu mapema.