Majina ya Wagonjwa Ukutani

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijavaa joho, maana wiki mbili zijazo nahitimu masomo ya kompyuta na moyo wangu hauna raha hata kidogo. Mradi wangu wa mwisho ulikuwa programu ya kutunza mafaili ya wagonjwa, na mwalimu akacheka akisema kwamba wagonjwa wangu wa kubuni wote wamezaliwa siku moja, basi nikaenda zahanati anakofanya kazi shangazi yangu, muuguzi aliyenilea, nikamdanganya kuwa nataka kuisafisha kompyuta yao nzito, akaniachia kiti na nywila yake akaenda kudunga sindano, nami nikanakili wagonjwa mia nne kwenye flashi. Nakuapia nilikusudia kubadilisha majina, ila programu ilikuwa inakwamakwama, nikasema kesho, na kesho ikawa siku ya maonyesho. Mwalimu akasema, "Hebu fungua faili lolote tuone," nikabofya, na ukutani likatokea jina la fundi cherehani wa mtaani kwetu pamoja na ugonjwa ambao hata mumewe hakuujua, na wifi yake alikuwa ameketi mstari wa mbele. Nilizima haraka, lakini yalishasomwa. Fundi amerudi kwao, mlango wake una kufuli.

Shangazi amewaambia wakubwa wake kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenipa mafaili, na kwamba alinihakikishia ni majina ya kubuni. Chuo kimenisafisha, yeye kasimamishwa kazi. Jikoni alinishika mkono akasema, "Nyamaza mwanangu, mimi nimebakiza miaka mitatu nistaafu, wewe ndiyo kwanza unaanza." Nikanyamaza. Sasa nikiusikia mlango wake naona aibu. Niseme nikose shahada, au nivae joho yeye apoteze kazi?

Mwenye majuto

Binti yangu, pole. Pole hiyo inatosha, sasa tuambiane ukweli. Usijifiche nyuma ya haraka ya maonyesho. Kosa lilianza pale ulipomdanganya mama wa watu ukakalia kiti chake. Mwalimu wako naye alipaswa kuuliza wale wagonjwa umewatoa wapi, lakini hilo halikupunguzii lako hata chembe. Kazi unayoiendea, watu watakukabidhi nywila zao na kwenda zao, bila kujua vidole vyako vinafanya nini. Hawana kinga nyingine ila uaminifu wako.

Shangazi anakupenda kupita kiasi. Usikubali.

Kesho asubuhi nenda kwa mganga mkuu wa zahanati na barua yenye saini yako: ulinakili nini, lini, ulimwambia shangazi uongo gani, na nakala ziko wapi, pamoja na ile uliyomtumia rafiki, kama ipo, maana naijua mikono yenu vijana. Flashi ikabidhi. Ukitoka hapo nyoosha moja kwa moja kwa mkuu wa idara chuoni ukaseme hayohayo. Usilie ili uonewe huruma. Wakikunyima shahada, itakuuma sana, na bado utakuwa umefanya sawa.

Jambo la mwisho. Nimesoma barua yako mara tatu. Umeniuliza habari ya shahada na ya shangazi. Ya fundi hukuuliza. Mwombe mganga amfikishie ujumbe kwamba kosa ni lako, na kwamba ungependa kumwomba radhi ana kwa ana akiridhia. Akikataa, usiende. Umeshaingia kwake mara moja bila ruhusa.